Kopo la Mama Vifungo

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo, jamani, lakini kazi yake safi huwezi kumkosoa. Katika karakana yao ya mafundi thelathini, yeye ndiye aliyetunza kopo la biskuti lililokaa ndani ya mfuko mweusi. Likizuka jambo, mhusika alisikilizwa kwanza, kisha kila fundi aliingiza mkono mfukoni akaangusha kifungo: cheupe kukubali, cheusi kukataa. Nani kaweka kipi, hakuna aliyejua.

Basi akapatikana mwenyekiti mpya, mume wa dada yake, aliyeitwa Kipaza. Huyo bwana akianza kuongea, watu walisahau pasi juu ya nguo.

"Vifungo vya nini?" akauliza siku moja, kasimama juu ya meza ya kukatia. "Mimi ni nyinyi, nyinyi ni mimi! Kwa nini Mzee Zipu ahodhi dirisha peke yake? Anayetaka ahamishwe, apige makofi!"

Makofi yakarindima. Mzee Zipu, ambaye bila mwanga wa dirisha haoni hata tundu la sindano, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Hajasikilizwa!" Mama Vifungo akafoka.

"Shemeji, unawaogopa wenzako?"

Wakamzomea. Iliuma, nisiwafiche. Akalisukuma kopo chini ya cherehani yake, na kwa wiki tatu akawa anamtazama mzee wa watu akijichoma vidole kule kwenye kona ya giza.

Ikaja oda ya sare mia mbili. Mkataji alitaka kusema neno kuhusu namna ya kutandaza kitambaa, Kipaza akaitisha makofi, yakamzidi sauti, kikakatwa chote siku hiyo hiyo. Lahaula! Mikono yote mia nne ikatoka ya kushoto.

"Atoke! Atoke!" Makofi yale yale, safari hii kwa Kipaza. Akajipenyeza hadi kwenye cherehani ya Mama Vifungo.

"Shemeji," akanong'ona, "lile kopo liko wapi?"

Moyo ulimtuma Mama Vifungo amwache akaangwe. Akashusha pumzi, akaliburuta kopo.

"Huyu? Huyu naye asikilizwe?" mkataji akang'aka.

"Huyu huyu. Kisha vifungo."

Kipaza akajieleza taratibu, akakiri kosa, akaahidi kukesha na mkasi mpaka mikono ya kulia ipatikane. Waliotaka abaki, kumi na sita. Waliomkataa, kumi na wanne. Amepona chupuchupu!

Mzee Zipu naye akasikilizwa, kwa mara ya kwanza. Vyeupe ishirini na tisa. Kile cheusi kimoja hawakijui ni cha nani mpaka leo, na hakuna aliyeuliza.

Kipaza akainua mwenyewe cherehani ya mzee kuirudisha dirishani. Katikati ya karakana akasimama, anahema.

"Shemeji, kweli yako. Mimi uliniwekea kipi?"

Mama Vifungo akacheka mpaka akashika ubavu.

"Beba cherehani, shemeji."