Siku Mama Alipokataa Kuigiza Mfanyakazi

Harufu ya nta ya sakafu bado hunirudisha Lavington, mtaa wa matajiri jijini Nairobi, kwenye nyumba alikofanya kazi mama yangu. Likizo ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa vile kwetu Waithaka hakukuwa na wa kuniangalia, alinipeleka kazini kwake.

Huko nilimpata Reena, binti wa mwenye nyumba, rika langu. Alipewa kamera ya video na babake, tukaanza kupiga filamu ya mkufu ulioibwa. Mimi nilikuwa polisi, rungu langu mwiko wa ugali. Mbwa wao alikuwa shahidi. Mwizi ndiye aliyekosekana.

Reena akamfuata Mama jikoni. "Josefina, wewe utakuwa mfanyakazi. Wewe ndio umeiba."

Mama alipangusa mikono polepole. "Kazi ya nyumba nafanya kila siku, siwezi fanya tena kwa filamu. Na kuiba sijawahi. Mimi nitakuwa mwenye nyumba."

Reena alifikiri kidogo, akachukua ufagio. Mama akavua aproni, akaketi kwenye sofa ya sebuleni, akakunja nne. Mimi nikashika kamera.

"Reena, hapo hujafagia," alisema Mama, kwa upole ulionitisha. Ile ilikuwa sauti ya mamake Reena kabisa.

Mlango ukafunguka. Mamake Reena mwenyewe akasimama pale, funguo za gari mkononi.

"Josefina, nini hii?"

"Ni filamu ya watoto, Madam. Nimebakisha kidogo tu." Kisha akamgeukia Reena, bado ameketi. "Ukimaliza, kuja ukae hapa tukunywe chai. Najua umechoka."

Ndipo akainuka, akavaa aproni, akarudi jikoni.

Hakufutwa kazi, ila mimi nilikatazwa kurudi. Tukitembea kwenda nyumbani nililia njia nzima. Kwa nini hakuomba msamaha?

"Msamaha ya nini?" aliuliza. "Nimekaa tu."

Nilimnunia wiki nzima, maana nilikuwa nimepoteza rafiki na kamera kwa mpigo. Isitoshe, maneno yale ya chai hayakuwa kwenye hadithi yetu, na kwa miaka mingi niliamini alibabaika kwa hofu akasema lolote lililomjia.

Mama hakubabaika. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile miaka sita akingoja mtu amwambie maneno yale ya chai. Walipokosa kumwambia, aliyasema mwenyewe, kwenye sofa yao, mwajiri wake akisikia.