Petroli Tupu

Leo hapa Lusahunga wachana mbao waliwasha msumeno wa injini. Moshi wake ulinuka petroli iliyochanganywa na oili, harufu ileile ya pikipiki kuukuu ambayo baba aliitumia ujanani kwenye mashindano ya porini.

Nilipokuwa bado nyumbani, mama alitaka tuibadilishe pikipiki hiyo na ng'ombe wa maziwa. Mwenye ng'ombe alimleta hadi kwetu Runazi, akasema aione kwanza ikipanda kilima.

"Baba watoto, utalia ikiondoka," mama alimtania.

"Nilie nini? Nitakuwa nakunywa maziwa."

Bila oili injini ile ingekufa. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuipima kwa kikombe. Siku hiyo alinitazama, akamimina petroli tupu.

Katikati ya kilima injini ilikwama kabisa. Mgeni akamfungua ng'ombe wake, akaondoka naye.

Baba aliisukuma pikipiki hadi nyumbani, akipiga mluzi.