Matope ya mikoko yamemwagwa kwenye migomba

Leo mwanangu ametupa kazi ya maisha yangu, halafu akanawa mikono kwa sabuni!

Elibariki alifika Machame jana kutoka Dar, kula Krismasi nyumbani. Asubuhi akaanza usafi ambao sikumtuma.

"Baba, ile chupa ya matope meusi nimeimwaga. Ilinuka kama yai viza!"

Matope yale niliyachota mwenyewe kwenye mikoko ya Tanga. Yana bakteria wanaotoa kimeng'enya cha kuyeyusha majani makavu. Kesho mwanafunzi wangu wa zamani anakuja kuyachukua aendeleze utafiti. Mimi sishuki tena pwani. Daktari ameshaniambia wazi kwamba sina muda mrefu.

Basi nakiri kabla sijafa: nilitamani kumchapa mtoto mwenye mvi.

"Umemwaga wapi?"

"Kihambani, kwenye migomba."

"Chukua kijiko."

"Sasa Baba, nitajuaje yapi ni matope yako na upi ni udongo wa shamba?"

"Si umesema yananuka? Piga magoti, unuse!"

Hadi naandika haya bado ananusa. Mkewe anacheka jikoni. Mimi sicheki.

Chupa haijafika nusu. Mngekuwa ninyi, mngempa chai?