Madamu Scolastica na Historia ya Mzee Isidori

Madamu Scolastica anafundisha Kiswahili shule moja ya sekondari huku Usevya, na miaka yote ninayopita hapa na madumu yangu ya asali kutoka Inyonga, sijasikia mzazi hata mmoja akimsifu. Wanasema ni mvivu. Insha za watoto hasahihishi yeye kwanza. Anawapa wabadilishane: mwenzako asome ya kwako, akuulize pale asipoelewa, nawe ukaandike upya. Asiyeuliza swali hatoki darasani, na anayechorachora karatasi ya mwenzake anaitwa mbele.

"Msomaji anauliza, mwenye kazi anaamua," ndivyo anavyowaambia.

Mwenyewe ni mtu wa Karema, binti wa mvuvi, mpole, na sauti yake ni ndogo hadi wa mabenchi ya nyuma wanalalamika.

Mwaka huu, mpunga ukiwa unaanza kukomaa, alifariki Mzee Isidori, na msiba ukanikuta nimefikia kwa majirani zake. Ile historia ya marehemu inayosomwa kabla ya kuzika alipewa mjukuu wake Helena, wa kidato cha tatu, aiandike. Helena analelewa na baba yake mkubwa, Deusdedit, kifungua mimba wa marehemu. Basi Deusdedit akamkalisha, akamtajia, binti akaandika.

Asubuhi ya mazishi Madamu alikuja na darasa lake kutoa pole. Helena akawavuta wenzake wawili nyuma ya ghala, mimi nikiwa nimeegemea magunia pale pale. Madamu akawafuata.

"Nisomeeni haraka," Helena akasema.

Gideon alisoma, akacheka kwa pua. "Helena, huyu babu yako hakuwahi kukosea hata kumfukuza kuku?"

"Uliza, usicheke," Madamu akamwambia.

Rozalia ndiye aliyeanza. "Umeandika alizaliwa Usevya, akalima Usevya, akafia Usevya. Babu yangu anasema waliishi wote Mishamo miaka mingi. Huko je?"

Helena akaigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Na mimi nina langu," Gideon akasema, safari hii bila kucheka. "Watoto umeandika watano. Yule kaka anayechimba kaburi tangu alfajiri ni nani? Maana sura yake ndiyo ile ile ya marehemu kwenye picha ya barazani."

Hakuna asiyemjua. Ni Séverin, ambaye Mzee Isidori alimzaa na Jeannine, mama Mrundi aliyeishi naye kule Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi. Kijiji kizima kinajua, ila katika nyumba ile hatajwi. Na watoto wa marehemu huitwa kuweka udongo kwa majina yaliyosomwa kwenye historia. Usiposomwa, umekuja kama mpita njia. Séverin alikuwa anachimba kaburi la baba yake na hajui kama ataitwa.

"Madamu, nimwandike?"

"Karatasi ni yako."

"Madamu jamani! Bamkubwa atanifukuza."

Nilitamani Madamu aseme tu andika, au acha, mtoto apumue.

"Kama huna uhakika," akasema mwishowe, "muulize anayejua."

"Bamkubwa haulizwi, Madamu."

Mara Deusdedit mwenyewe akatokea. "Nyie, padri amefika. Shule gani hii ya msibani?" Akaichukua karatasi, akaipitia kwa kidole, akairudisha. "Soma hivi hivi. Usiongeze, usipunguze."

Kaburi lilikuwa pale pale nyuma ya nyumba. Helena alisoma vizuri kuzaliwa, ubatizo, kilimo. Alipofika kwa watoto akaishusha karatasi. Watu wakadhani kilio kimembana. Séverin alisimama ng'ambo ya shimo na koleo lake, macho chini.

"Hapa wenzangu waliniuliza nikakosa jibu," Helena akasema. "Bamkubwa, naomba nikuulize wewe. Babu alikuwa na watoto wangapi?"

Nawaambia, hata waliokuwa wakirekodi kwa simu walizishusha. Deusdedit hakumtazama mtoto. Alimtafuta mwalimu wake.

"Madamu, hiki ndicho unachowafundisha?"

Madamu akasimama. "Ndiyo, mzee. Nawafundisha kuuliza."

"Helena! Soma kilichoandikwa!"

"Kilichoandikwa ni watano," Helena akajibu, wala hakuendelea.

Padri akakohoa. Ndipo Verdiana, binti wa marehemu, akasema kutoka mkekani bila kuinuka: "Ongeza mmoja, mwanangu. Séverin."

"Verdiana!"

"Kaka, mtoto ameuliza. Wewe umekaa kimya, mimi nimejibu."

Helena akaomba kalamu. Ikapita mkono kwa mkono hadi kwake. Akaandika, karatasi ikiwa juu ya kitabu cha nyimbo cha mwanakwaya, kisha akasoma upya tangu mwanzo, na Mishamo ikiwemo.

Watoto wakaitwa. Deusdedit alilichukua koleo mikononi mwa Séverin bila kumtazama, akaweka udongo wake. Koleo likazunguka kwa ndugu zake, likarudi kwake. Jina la sita likaitwa. Deusdedit hakulitoa koleo.

Séverin alisubiri kidogo. Halafu akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga taratibu.

Upande wa masufuria, Jeannine alijifuta mikono. Tangu jana alikuwa akipika pale kama jirani tu. Akaja, akasimama ukingoni mwa mkeka wa wafiwa. Verdiana akasogea kumpa nafasi. Deusdedit aliona, koleo bado mkononi. Jeannine akakaa.