Komeo na Kopo Lake

Mtaani kwao hakuna anayekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo huchelewa kugeuka, kana kwamba anaitwa mtu wa nyuma yake. Anaitwa Komeo. Ni fundi wa vitasa na kufuli, na kibanda chake kimebanwa kati ya duka la vitambaa na ngazi za jengo la ghorofa. Ndani mna jiliwa la kubania chuma, mashine ya kuchonga funguo inayopiga kelele kuliko inavyofanya kazi, tupa za kila unene, na juu ya rafu, mahali ambapo kila mteja anapaona, kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vya funguo.

Kopo hilo lina habari yake. Komeo hachongi ufunguo wa mteja moja kwa moja. Huanza na wa majaribio, wa bati laini, akaujaribu kwenye kitasa, akaupunguza hapa na pale hadi ugeuke bila kukwama. Kisha ndipo huchonga ule wa kweli kwa kuufuata. Akimaliza humwita mwenye mlango asogee, huubana wa majaribio kwenye jiliwa, akauvunja mbele ya macho yake na kuvitupa vipande koponi. Hapo husema, "Haya, sasa mlango ni wako." Alifundishwa hivyo na fundi wake, ambaye hakujisumbua kueleza sababu. Mtu anayekukabidhi ufunguo wa nyumba yake amekukabidhi usingizi wake, na hilo halihitaji darasa.

Jina alilipata hivi. Juu ya zile ngazi aliishi mchoraji wa katuni, mtu mrefu mwenye vidole vya wino, aliyeweka meza yake dirishani. Shujaa wake aliitwa Tufani. Kila Jumamosi Tufani alitokea gazetini akiruka mapaa na kuwatia adabu wala rushwa. Lakini shujaa hawezi kuruka mapaa yote yale kisha akakwamishwa na kitasa. Alihitaji wa kumfungulia. Mchoraji akatazama chini, akaona kofia ya sufu, kitambi na tupa, na kazi ikaisha. Komeo wa karatasini alikuwa mzee mfupi, bingwa wa kulalamika, mwoga wa mbwa, anayefungua mlango wowote duniani halafu Tufani anamwambia, "Subiri hapa nje." Naye husubiri. Ndani ngumi zinapigwa, nje Komeo anapiga chafya. Watu walicheka mbavu zikawauma, na jina likashuka ngazi kumtafuta mwenyewe.

Hakukasirika. Kusema kweli alilipenda kuliko alivyokubali kukiri. Mchoraji alilichora hata kopo, kwa kusimuliwa na wateja, kwa hiyo watoto waliosoma visa vile walipokua na kupanga vyumba vyao walimjia Komeo huyo huyo wavunjiwe ufunguo, nusu kwa usalama na nusu kwa raha ya kuona katuni ikitembea.

Kisha Tufani akatengenezewa filamu.

Mwenye duka la vitambaa alikuwa miongoni mwa walioitazama mapema. Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni pa kibanda, mikono mfukoni, bila kelele zake za kawaida.

"Jana tumekuona, Komeo."

"Nimetokaje?"

"Umetoka mrefu."

"Afadhali. Na kitambi?"

"Huna."

"Loo! Sasa nimwombe Mungu nini tena?" Komeo alicheka peke yake. "Mbwa bado nawaogopa?"

Jirani akajikuna shingo. "Mbwa ni wako. Wakali hao! Sikia, jirani, usinichukie bure. Wewe ndiye uliyemuuza Tufani."

Akaeleza. Katika filamu, Komeo huvunja funguo mbele ya wateja kama ilivyo ada, lakini wakishaondoka hufunga mlango, hulimwaga kopo mezani, akaviunga vile vipande kimoja kimoja na kuwauzia maadui. Milango yote ya mji imo koponi. Ukumbini watu walizomea mpaka sauti zikawakauka.

Mwanzoni ilikuwa mizaha. Mpita njia alimwuliza kama leo ameunga ngapi, naye akajibu kwamba wako wameshauchukua jana. Baadaye mizaha ikapungua, na pamoja nayo wateja. Ndipo alipokuja muuguzi mmoja na kitasa cha chumba chake. Kazi ilikwenda vizuri mpaka kwenye jiliwa. Ufunguo wa majaribio ulipovunjika, yule dada alinyoosha kiganja.

"Samahani, baba. Naomba hivyo vipande niondoke navyo."

Komeo akampa. Ingekuwa heri angenyamaza, lakini alikuwa ameguswa kwenye ufundi wake, na fundi akiguswa hapo hunena.

"Mambo ya filamu hayo, dada. Bati halina nguvu, ukiliunga linapinda. Fundi mwizi hana haja na kopo! Wewe unatafuta pochi yako, yeye anaukandamiza ufunguo kwenye kipande cha sabuni, umbo lake linabaki, kwisha habari. Wala hutajua."

Muuguzi akatazama meza. Kando ya jiliwa palikuwa na kipande cha sabuni cha kunawia mikono, kimebonyea katikati kwa kutumika. Alichukua kitasa chake, akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Ulimi uliponza kichwa. Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikuwa ukizungumzia sabuni, na waliokuwa wakiamini kopo tu sasa wakawa na ushahidi wa pili. Kazi zikahamia kwa fundi mmoja wa sokoni.

"Unagombana na mtu hujamwona," mkewe alimwambia siku hiyo akimpakulia chakula. "Twende tukamtazame."

Wakaenda mchana, wakaketi viti vya nyuma. Komeo alikuwa amejiandaa kuchukia, na mwanzo alifanikiwa. Yule mwigizaji alishika tupa kama kijiko. Lakini Komeo huyu wa filamu alikuwa na nyumba, jambo ambalo wa karatasini hakuwahi kuwa nalo, na mke mgonjwa wa kifua. Alimfungulia Tufani mlango wa jumba, akaambiwa yale yale, "Subiri hapa nje." Mvua ikanyesha. Dirishani akawaona Tufani na wenzake wakila na kucheka, na katika kusimulia jinsi walivyoingia, hakuna aliyemtaja.

"Si wamkaribishe tu!" Komeo alisema kwa sauti. Watu wakamwambia anyamaze.

Alimhurumia msaliti yule, na kuona kwamba amemhurumia kukamtia aibu. Kopo lilipomwagwa mezani ukumbi ukazomea, na mwanamke wa kiti cha mbele akamwambia mwenzake kwamba na yeye aliwahi kuchongesha ufunguo kwa mzee wa namna hii hii. Mke wa Komeo akamwekea mkono gotini. Hakuuondoa mpaka taa zilipowashwa.

"Yule walau anaongea na mkewe," mkewe alisema walipokuwa wakitoka.

"Ana nafasi. Hana wateja wa kweli."

"Na wewe sasa huna. Ongea."

Siku iliyofuata alipanda ngazi. Miaka yote ya ujirani hakuwahi kupita ngazi ya tatu, na mchoraji, ambaye sasa alikuwa mzee wa miwani minene, alimfungulia akiwa na uso wa mtu aliyekuwa akiungoja ugeni huo kwa hofu.

"Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kuuliza. Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimewauzia watu wa filamu visa, na mwenye kununua hukata nguo apendavyo." Mchoraji alisogeza makaratasi ili mgeni apate pa kukaa. "Tufani hawathubutu kumgusa. Wakimbadilisha hata rangi ya viatu, watu watavunja viti. Lakini filamu lazima iwe na jipya. Basi hilo jipya humwangukia nani? Msaidizi. Wote wanamjua, hakuna anayemjua vizuri. Unaweza kumtia chochote."

"Na wewe mwenyewe? Kwa nini ulinichora nje tu?"

Mchoraji akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akachukua muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. "Kwa sababu ndani sikukujua. Nilikuona kwa dirisha hili. Sikuwahi kuja kwako, wala sikuwahi kukuambia upande huku juu."

Komeo alitazama chini kupitia dirisha lile. Aliona paa la kibanda chake, na kiti ambacho mtu huketi akiwa hana kazi. Hakuna zaidi kilichoonekana kutoka hapo. Wakanywa chai bila maneno mengi, na aliposhuka hasira ilikuwa imekwisha, ila wateja walikuwa bado hawajarudi.

Jumapili alikwenda kwa mwanawe kumwona mjukuu. Kitasa cha mlango ule alikitia yeye mwenyewe mwanawe alipooa, na walimpa ufunguo wake ili aingie kama mtu wa nyumbani. Akautia. Haukuingia. Akainama, akaona kitasa kipya kinachong'aa, kazi ya fundi wa sokoni. Skrubu zilikuwa zimefungwa kwa nje, kosa ambalo hata mwanafunzi hulifanya mara moja tu.

Iliuma. Ya muuguzi aliweza kuyasimulia kwa kicheko, ya mtaa aliweza kuyameza, lakini hili lilimkaa kifuani, na kwa kitambo alisimama akiuangalia ufunguo wake wa zamani, asijue autie wapi. Wangemwambia tu. Akageuka aondoke.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mkamwana wake, mke wa mwanawe, kutoka ndani.

"Ni mimi."

Kisha kitasa kikakwaruza, kikakwaruza tena. "Baba... kimekwama. Tangu asubuhi kinasumbua. Mwenzangu katoka, na mtoto huku analia."

Kwa zile skrubu za nje Komeo angeingia bila hata kutumia akili. Hakuzigusa.

"Unaniruhusu nifungue?" aliuliza.

"Fungua, baba," akasema mkamwana. "Tafadhali."

Mlango ulipoachia, mkamwana alikuwa amesimama na mtoto kiunoni, macho sakafuni. "Ni maneno ya watu, baba. Kazini walinisema sana. Nikaogopa, kisha nikaogopa kukuambia kwamba nimeogopa."

"Najua. Hata mimi nimeitazama. Yule bwana anatisha."

Akacheka kidogo, akalia kidogo. Komeo aliketi kizingitini, akakifungua kile kitasa, akakisafisha, akakigeuza kikakaa kwa jinsi kinavyostahili, huku mjukuu akimpokonya bisibisi na kupewa kijiko badala yake. Alipomaliza, mkamwana alimnyooshea ufunguo mmoja.

"Chukua wako, kama zamani."

Komeo aliutazama. Alimkumbuka yule wa filamu, aliyekuwa na funguo za mji mzima koponi na hakuna hata nyumba moja iliyowahi kumwambia karibu.

"Kaa nao, mwanangu. Mimi nitabisha hodi."

Kibandani wateja walirudi kwa kusitasita, wengine hawakurudi kabisa. Kopo aliliacha pale pale rafuni. Sabuni aliihamishia nyuma ya mlango. Jumapili nyingine alivaa kofia yake ya sufu, akaenda kwa mwanawe, akasimama mbele ya mlango, akajisafisha koo.

"Hodi!"

"Karibu, baba," mkamwana akaitika kutoka jikoni. "Sukuma tu, sijafunga."