Kaa wa Chini ya Jiwe la Kufulia

Sisi tuliokulia Dagoretti miaka ile masomo ya bure yalipoanza, darasa likajaa hadi mlangoni, hatukujua bwawa la kuogelea. Tulikuwa na kijito nyuma ya shamba la nduma, yale magimbi ya Mama. Kabla ya kuchota maji, mimi na dada yangu Wambui tuliinua jiwe la kufulia tumtafute kaa. Akitoroka upande upande na hasira zake, tulijaza mitungi. Asipokuwepo, tulirudi mikono mitupu. "Huyo haishi kwa maji mbaya," Mama alikuwa akisema.

Jumamosi moja hatukuhitaji kuinua jiwe. Kaa walikuwa wametoka wenyewe, wamelala kwenye nyasi, miguu ikitetemeka. Viluwiluwi walielea tumbo juu, na maji yalinuka dawa ya kupe. Wambui alilia. Mimi nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Hapo juu jirani yetu, Baba Njoki, alikuwa akisuuza pampu kijitoni baada ya kunyunyizia ng'ombe wake. Wafugaji wote walifanya hivyo. Dawa iliyoponya ng'ombe, nani angeiogopa?

Mama aliwazoa kaa kwenye karai akampelekea.

"Aah, Mama Wambui, ni dawa ya kupe tu. Maji itabeba."

"Itabeba ipeleke wapi? Huko chini si kuna watoto wa wenyewe?"

Baba Njoki alitazama karai. Mama akampa jembe, akamwonyesha pa kuchimba shimo la kusuuzia pampu, mbali na mto. Tangu hapo, kila siku ya kunyunyiza tulisimama ukingoni tukiwapigia watu wazima kelele: "Pampu shimoni!" Hakuna aliyethubutu kutuchapa, maana Mama alikuwa nyuma yetu.

Tuliinua jiwe msimu mzima bila kuona kitu. Siku kaa mdogo aliponibana kidole, nilipiga kelele za furaha hadi Mama akauacha uji ukafurika jikoni.

Leo kijito kimebanwa na magorofa, na maji yana rangi nisiyoijua. Binti yangu anajua wanyama wote wa dunia kwenye simu, lakini chura akiruka, yeye huyo mbio! Hata hivyo nashuka naye kila Jumamosi.

"Mum, si twende tu? Hakuna kitu hapa."

"Inua tena."

Halafu tunapanda juu na karai, geti kwa geti, tukiuliza nani anamwaga nini. Mama alikuwa na karai lililojaa kaa. Langu ni tupu, na ndilo ninalowaonyesha.