Nilivyoyachoma mawese ya mama mkwe nikidhani nayasafisha

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena nikaufuta, kisa aibu. Leo nauachia. Sitaongeza chumvi, na majina ya watu nitayabana kwa sababu najua kuna mashemeji zangu wanapita humu kimyakimya.

Mimi ni mtu wa Singida, mtumishi wa serikali. Kigoma nililetwa na kazi, nikaishia kuoa hapahapa. Mke wangu ni Muha, anauza vitenge soko la Ujiji. Tumepanga Bangwe na tuna binti mmoja, Neema (siyo jina lake), anayeanza kutembea.

Kazini natoka saa tisa na nusu. Mke wangu anafunga meza jua likizama, mpaka afike nyumbani giza limeshaingia. Kwa hiyo jiko la jioni ni langu.

Mnaotaka kusema nimewekewa limbwata, semeni mapema tuendelee. Napenda kupika, basi. Nikifika navua shati la ofisi, nafungua simu, natafuta video ya mapishi, najaribu. Kuna siku linatoka biriani, kuna siku unatoka uji wa mchele wenye nyama. Mke wangu anakula vyote huku anacheka.

Kitu kimoja tu kilinishinda Kigoma: mawese.

Sisi tumekulia alizeti. Yale mafuta mekundu harufu yake ilikuwa inanikaa kooni. Mke wangu akiunga nayo maharage nilikuwa nakula, nasifia, halafu nashushia na maji mengi. Sikuwahi kumwambia.

Mvua zilipoanza kukatika mwaka huu, mama mkwe akaja kumwona mjukuu. Alitoka kijijini na gari la asubuhi, amepakata dumu la lita tano la mawese, mdomo wa dumu kaufunga kwa nailoni na kamba ya mgomba yasije yakamwagika njiani.

Hayakuwa ya kununua. Michikichi ni yake, iko nyuma ya nyumba. Anachambua chikichi mwenyewe, anazichemsha, anazitwanga, anaengua mafuta kidogokidogo. Mashine ya kukamua ipo kijijini siku hizi, lakini ya binti yake na mjukuu hapeleki mashineni. Haya nilikuja kuyajua baadaye, wakati hayanisaidii kitu.

Sasa lazima niwaeleze mama mwenyewe alivyo, la sivyo hamtanielewa.

Mama ni wa heshima za zamani. Hali chakula mbele ya mkwe. Nikiingia sebuleni anainuka anakwenda chumbani. Nikimpa shikamoo anaitika huku anaangalia ukuta. Na akiwa na neno langu hanipi mimi, anampa binti yake, hata kama nimesimama hapohapo nasikia kila kitu. Mimi nami najibu kwa njia hiyohiyo. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, ila si kiasi hicho.

Siku aliyofika nilipika kuku wa kukaanga na wali. Baada ya kula nikasikia kutoka chumbani:

"Mwambie baba Neema, umri wote huu sijawahi kupikiwa na mkwe wa kiume. Ameniheshimu sana."

Kichwa kikavimba. Nikataka kumwonyesha makubwa zaidi.

Kesho yake, ofisini, nikakutana na video. Dada mmoja anafundisha kutoa rangi na harufu kwenye mawese. Unayafunika, unayachoma mpaka yageuke, unayaacha yapoe ndipo unafunua. Nikaona nimepata ukombozi. Mimi nitakula bila kujikaza, na mama ataona binti yake kaolewa na mtu mwenye maarifa. Naapa ndivyo nilivyowaza.

Siku hiyo mama alikuwa ameshinda sokoni na binti yake na mjukuu. Nikawasha mkaa uani, nikamimina dumu zima kwenye sufuria kubwa. Zima, wakuu. Ningechukua kikombe kimoja nisingekuwa hapa naandika.

Najua hata wenyeji wapo wanaoyachoma kidogo kabla ya kutia kitunguu. Hao wanajua wanapofika. Mimi nilichoma mpaka moshi ukavuka ukuta, na jirani yetu Mama Zuhura akaja mbio na ndoo ya maji.

"Baba Neema, kunaungua nini huku?"

"Nasafisha mawese, mama."

Akachungulia, akaliona dumu tupu, akanitazama. "Haya," akasema, akarudi na ndoo yake. Mwenye akili angeshtuka palepale.

Yalipopoa nikayachuja kwenye chupa za maji nilizoziosha. Hayakuwa na wekundu wowote, yanaangaza kama ya dukani. Nikazipanga chupa mezani, nikapiga picha, nikaweka status: "Mawese bila harufu. Wenye mkwe fundi mpo?" Halafu nikaunga maharage, nikasonga ugali wa muhogo, nikakaa kungoja sifa.

Wakaingia. Mama akapitia jikoni kutua kikapu, kama alivyofanya jana yake alipofika.

Akaziona chupa. Akaliona dumu lake limeoshwa, limeinamishwa likauke. Akachukua chupa moja, akafungua, akanusa. Mimi nimesimama mlangoni natabasamu.

Akamgeukia mke wangu.

"Mwambie baba Neema asante kwa kunisafishia. Sikujua kama yalikuwa machafu."

Sauti haikuwa na hasira hata tone. Nami, wakuu, nikajibu: "Mwambie mama asijali kabisa."

Jibu hilo likinijia nikiwa barabarani huwa natamani ardhi ipasuke inimeze.

Walikula chumbani. Sahani ya mama ilirudi tupu, nikajiona mshindi. Siku zilizobaki za ugeni wake nilipika, alishukuru, mimi nikasikia shukrani tu.

Mke wangu hakufungua mdomo mpaka mama aondoke. Aliporudi kutoka kumsindikiza stendi, nikamuuliza kama mama alifurahi. Akanipa simu yake nisome. Ndugu zake wote walikuwa wameiona ile status. Dada yake mkubwa kaandika: "Kumbe mafuta ya mama yananuka?"

Nikaanza kujitetea kwamba sikumaanisha hivyo.

"Ungeyamwaga nisingelia," akasema. "Kumwaga ni bahati mbaya. Wewe uliyapika mpaka yakaacha kuwa ya mama, ukatupigia na picha."

Akalia kweli. Tumeishi naye miaka na sijawahi kumliza kwa jambo la chakula.

Nikaifuta status. Ya nini sasa, walishaona.

Kumpigia mama nilishindwa. Unampigiaje simu mtu ambaye hata salamu anakuitikia akiwa ameangalia ukuta? Nikamtuma mke wangu aniombee msamaha. Jibu likaja kwa njia ileile: "Mwambie baba Neema hakuna kosa hapo. Kila mtu na mdomo wake."

Nikajidanganya kwamba yameisha.

Juzi mama kaja tena. Kikapuni ana ndizi, muhogo mkavu na dagaa. Dumu hakuna. Chini kabisa akatoa mfuko wa dukani, ndani kuna chupa ya alizeti, lakiri haijakatwa. Akampa mke wangu.

"Mpe baba Neema. Hayo ndiyo anayoyaweza."

Mwanamke ana michikichi nyuma ya nyumba yake, wakuu, halafu ameingia dukani kununua mafuta ya kwetu Singida ili mkwe wake asile kwa shida. Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili, akanikabidhi bila kunitazama, akaenda kumlaza mtoto. Mimi nikabaki nimeishika, sijui pa kuiweka.

Na safari hii mama haingii jikoni. Kikapu chenyewe alikitua mlangoni.

Jioni ya jana, nilipotoka kazini, nikafanya jambo pekee nililoweza kulifikiria. Nikaenda kwa Mama Zuhura kuomba kikombe cha mawese. Akanijazia. Nikaunga maharage yakawa mekundu kabisa, sikuchoma, sikupunguza. Wao nikawapakulia wakaenda nayo chumbani, mimi nikakaa sebuleni na mlango wazi, nikala kwa kuonekana. Nikaongeza. Nikasema kwa sauti kwamba leo yamekubali.

Kisha nikasikia kutoka chumbani ile sauti yake ya upole:

"Mwambie baba Neema asijilazimishe. Mtu hatakiwi kuteseka ndani ya nyumba yake kwa ajili ya wageni."

Wageni. Mama aliyemzaa mke wangu anajiita mgeni kwangu, tena bila kununa, anaona ananirahisishia maisha.

Nikaosha vyombo, nikasugua sufuria muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikuletea chakula alichokitolea jasho, ukile kwanza kama kilivyo. Na kama hakipandi, sema mapema kwa adabu. Mimi nilinyamaza miaka nikiona ndiyo adabu, halafu siku ya kusema nikasemea kwenye status. Ningemwambia mke wangu tangu mwanzo, angenipikia sufuria ya pembeni na mama asingejua kitu.

Jumapili mama anarudi kijijini. Chupa iko jikoni, siwezi kuifungua na siwezi kuirudisha. Nafikiria kuomba ruhusa niongozane naye nikakae kule siku mbili tatu, nitwange hizo chikichi kwa mikono yangu. Lakini naogopa ataona nakwenda kujilazimisha tena.

Nipigeni spana, nimezistahili. Matusi nayo nitayasoma. Ila mliooa Uha, na wenye wakwe wa heshima za namna hii, nijibuni hili moja: mama mkwe unamwombaje msamaha wakati mwenyewe anakataa katakata kwamba umemkosea?